Daktari Alisema ni Maziwa

Koki,

Jumanne ile ya tarehe 14 Machi 1978 ndiyo ilituharibia nyumba. Daktari alimpapasa mama yako titi akasema ni maziwa yameganda, akande na maji moto. Tulikanda mpaka tukamzika.

Mbaazi nimechemsha, ziko kwa sufuria. Mvalishe mdogo wako Nthoki sweta, anakohoa.

Ukisikia majirani wakisema nina kiburi, ni hivi. Mama Waruguru wa mlango wa pili ametuletea uji asubuhi. Kabla sijamshukuru, mumewe Njogu akamwita kutoka nje, "Mama, chai yako inapoa!" mama huyo akacheka. Wivu ukanishika, nikamfungia mlango usoni. Uvimbe wake wa titi ulikuwa kama wa mama yako, na daktari ni yule yule. Lakini Njogu ni dereva wa mkubwa. Mkubwa akapiga simu, wakamkata kipande cha nyama wakapima, wakakuta ni saratani, wakamtibu mapema. Leo anacheka.

~~Bakuli lake mrudishie tupu, ajue.~~ Hapana, tia mbaazi. Yeye hakunikosea.

Nimeenda mjini kwa wakili. Njogu jana alinicheka, "Mzee, nani ameshtaki daktari hapa Umoja?" Acha acheke, ana mke.

Mimi baba yako nataka wakili anijibu hili moja tu: kupimwa vizuri ni haki ya kila mgonjwa, ama ni ya yule mwenye mtu wa kumpigia simu?