Flashi ya Uzi Mwekundu

Baba,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba barua inayotaja shida kabla ya salamu, karani huisukuma chini ya nyingine. Nami nina shida ya kutaja, kwa hiyo naanza kama ulivyotaka.

Mama ni mzima. Migomba ya upande wa bondeni imebeba vizuri, na maharage tumeshavuna. Duka lako hapa Kirushya bado lina kibao kilekile, "Tunachapa Barua za Aina Zote", na benchi lilelile wanalokaa watu wakisubiri zamu. Mimi ndiye ninayekaa nyuma ya meza sasa. Cheti changu cha shahada nimekitundika ukutani juu ya printa. Mama alikitazama, akaniuliza kama hicho nacho kinachapa. Siku hiyo hakuna kilichokuwa kinachapa chochote.

Utakumbuka kompyuta yako ilivyokuwa imeanza kuchoka ungali hai. Uliiwasha, ukaenda kunywa uji, ukarudi, nayo bado inazungusha kile kiduara chake. Miezi mitano ya mwisho ulikuwa ukichapia kwenye kompyuta mpakato ya binamu Joasi, mwalimu wa shule ya msingi, na barua zote ukaziweka kwenye flashi uliyoifunga uzi mwekundu ili isichanganywe na za watu. Wiki ya pili baada ya kukuzika, ile kubwa ya mezani iliwaka, ikaonyesha skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa maandishi, ikaishia hapo.

Watu hawakujua. Waliendelea kuja na swali lao lilelile: "Barua yangu ya mwaka juzi ipo?" Miaka yote niliyokaa kwenye benchi lile nikifanya kazi za shule, sikuwahi kukusikia ukilijibu kwa zaidi ya neno moja. Ulisema "Ipo," hata kabla ya kugeukia skrini, na mtu akaegemea ukuta akapumua. Kila aliyewahi kuandikiwa alikuwa na folda yenye jina lake. Mimi mhitimu nilijibu, "Njoo wiki ijayo." Nililisema hilo wiki tatu mfululizo, hadi nikaanza kuwaona watu wakikitazama cheti changu ukutani kabla ya kunitazama mimi.

Niliipeleka kompyuta kwa fundi mmoja mjini. Aliigonga kwa kidole mara mbili, akatamka kwamba ni chuma chakavu, kisha akaongeza kwamba kwa heshima yako yupo tayari kunisaidia kuiondoa bila malipo. Mtu anayejitolea kubeba chuma chakavu bila kuombwa, Baba, hajaona chuma chakavu. Niliifunga tena kwenye kanga nikarudi nayo mapajani.

Kisha siku ya misa ya arobaini yako akaja kijana anayeitwa Deusi, kutoka Nyamigogo kule Biharamulo. Tulisoma chuo kimoja, akinitangulia miaka miwili. Sasa anafundisha kwa kujitolea katika shule moja ya kwao. Baada ya chakula aliingia dukani, akafungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka uani walikokaa wazee: "Haijafa hii." Mzee Wiliberodi aliweka kikombe chini. Siku ya arobaini, Baba, mgeni anatoka chumbani mwako akisema kuna kitu hakijafa.

Alitueleza kwamba kilichochoka ni mfumo endeshi, si mashine. Upo mwingine, alisema, unaitwa Linux: ni mwepesi kwa kompyuta za zamani, hautozwi chochote, na maandishi yote yaliyouunda yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Shuleni kwake kompyuta saba zilikuwa zimerundikwa stoo pamoja na majembe. Zote zinafanya kazi sasa. Angenipa kwenye flashi, bure, nami ningeweza kuujaribu kwanza ukiwa hukohuko kwenye flashi, bila kugusa diski yenye barua zako.

Neno hilo "bure" ndilo lililonifungia milango. Wewe ndiye uliyesema kitu cha bure kitafutiwe kwanza mwenyewe. Mama alipoona nimekunja uso alininong'oneza, "Labda anataka kompyuta. Labda anataka mwenye kompyuta." Yeye alikuwa anatania. Mimi sikuwa natania. Nilimshukuru Deusi kwa maneno mazuri, nikamrudishia flashi yake mkononi.

Naomba nikueleze uchunguzi wangu, kwa kuwa hata leo najivunia sehemu yake. Niliazima kompyuta ya Joasi, nikanunua bando, nikaupakua mfumo huo mwenyewe kutoka kwa wanaoutengeneza, nisipitie mkono wa mtu. Nilisoma masharti yake ya matumizi mwanzo hadi mwisho, nikitafuta aya inayosema kwamba barua za watu wa Kirushya zitasafirishwa kwenda kwa mtu nisiyemjua. Sikuiona, na kutoiona kukanitia shaka zaidi. Kila faili la namna hiyo hutolewa pamoja na namba ndefu ya kuthibitisha kwamba halijachezewa njiani. Nilimkalisha Mama kwenye benchi, nikampa namba hiyo kwenye karatasi, naye akanisomea herufi moja moja huku nami nikifuata kwenye skrini. Alipofika katikati aliuliza kama tunasali rozari. Zilifanana zote. Nilijiona nimestahili shahada yangu.

Kilichobaki kilikuwa kuuandika mfumo huo juu ya flashi mpya niliyonunua. Asubuhi ile Bibi Skolastika, yule wa nyumba ya juu karibu na chanzo cha maji, alikuwa ameagiza nakala ya barua yake, nami nilikuwa nimechomeka flashi yako ili niitafute. Sikuichomoa. Programu ikanipa orodha ya flashi mbili, ukubwa sawa, hazina majina. Nilichagua ya juu. Ikaniuliza kama naelewa kwamba kila kilichomo kitafutwa. Nikajibu ndiyo, kwa uhakika wa mtu aliyehakiki kila kitu.

Taa ndogo ilipoanza kumetameta, ilimetameta penye uzi mwekundu.

Baba, nimejaribu kuiandika aya hii mara nyingi. Miezi yako mitano ya mwisho. Barua ulizochapa ukiwa unashikilia kifua. Niliichomoa, na kuichomoa hakukusaidia kitu.

Lakini kosa hilo ni la mkono. La pili lilikuwa la ulimi, na ndilo linalonifanya nikuandikie. Mama aliingia akaniona nimeduwaa, akauliza kumetokea nini. Nikamwambia: "Ule mfumo wa Deusi umekula barua za Baba." Sikuwa hata nimeutumia wa Deusi. Nilisema hivyo kwa sababu jina lake lilikuwa tayari kinywani mwangu, limekaa hapo kwa majuma, likisubiri kulaumiwa.

Mama alichukua simu yake akampigia Deusi mwenyewe. Alimwambia neno moja tu: "Njoo."

Jumamosi iliyofuata akaja, amepakia kompyuta yake mpakato kwenye begi, suruali imejaa vumbi la njia nzima. Nilidhani Mama atamgombeza, nikajiandaa kutazama pembeni. Badala yake alimpa kiti, akampa maji, akamwambia: "Kijana, huku kwetu anayempa mwenzake pombe huonja kwanza. Wewe umekuja kutupa kitu. Onja tukuone."

Hapo nilikukumbuka wewe. Nilikuwa darasa la nne, umenichukua kwenda kwa yule rafiki yako wa ng'ambo ya bonde. Alikuletea pombe ya ndizi kwenye kibuyu na mrija mpya, akakuwekea mbele, akaendelea na hadithi zake za shamba, akasahau kuvuta funda la kwanza. Ulikaa na mrija magotini. Hukumkumbusha, hukunywa, hukukasirika. Ulimsikiliza hadithi nzima ya mbolea mpaka akajigundua, akacheka, akavuta, akameza mbele yako, ndipo ukanywa. Njiani nilikuuliza kama ulidhani ana sumu. Ulisema: "Sikudhani. Lakini yeye akionja, sisi wote wawili tunapumzika." Nilisoma chuo miaka mitatu, Baba, nikasoma masharti ya watu wa ng'ambo, nikahakiki herufi moja moja, na sikufikiria kumwambia mtu aliyeketi mbele yangu aonje.

Deusi hakuuliza maana. Alichomeka flashi yake kwenye kompyuta yake mwenyewe, ile yenye maandalio yake ya masomo yote, akaiwasha Mama akiwa amemsimamia begani. Mfumo ukafunguka. Akaandika sentensi moja, akacheza wimbo wa kwaya, akafunga. Akachomoa flashi, akaiwasha tena, na kompyuta yake ikarudi ilivyokuwa, faili zake zote mahali pake. "Nimeonja, Mama," alisema. Mama akamjibu, "Haya, mpe mwenye nyumba," na mwenye nyumba aliyeonyeshwa kwa kidevu ilikuwa kompyuta yako.

Iliwaka bila kiduara. Kwa muda wa kukoroga chai, skrini ya bluu ikatokea, na pembeni picha ndogo ya diski. Deusi akanisogezea kipanya, akasema nifungue mwenyewe. Nikafungua. Folda zikashuka kwenye skrini kwa mpangilio wa alfabeti, jina kwa jina, kijiji kizima: Adventina, Bonifasi, Mzee Wiliberodi mwenyewe na malalamiko yake yote. Barua zako za miaka yote, isipokuwa za ile miezi mitano. Mama aliweka kiganja juu ya kompyuta kama anavyompima mtoto homa.

Kisha Mama akamsimulia nilivyosema kuhusu mfumo wake, na Deusi akaomba kuiona flashi ya uzi mwekundu. Aliichomeka, akatazama kwa muda usiozidi pumzi mbili. Nilimwona akielewa. Mfumo ulioandikwa pale haukuwa toleo lake, na yeye hajawahi kuigusa flashi ile. Angeweza kusema. Alisema tu, "Nitajaribu kuzifukua zilizokuwemo," akainama. Zilitoka vipande vipande: salamu isiyo na mwili, mwili usio na sahihi.

Tulikuwa katika hali hiyo Bibi Skolastika alipoingia na fimbo yake. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi bila haraka. Alikuja kuulizia nakala aliyoagiza, ile barua uliyomwandikia kwenda ofisi ya kijiji kuhusu jirani aliyeuhamisha mti wa mpaka. Wiki hiyo alikuwa ameitwa ofisini, na karani anasema ya kwanza haionekani.

"Ipo?" akauliza.

Mama akanitazama. Deusi hakuinua kichwa. Ningeweza kusema wiki ijayo. Ningeweza kusema mfumo.

Nilisema: "Haipo, Bibi. Nimeifuta mimi, kwa mkono wangu. Si mfumo, wala si huyu kijana. Nilimsingizia."

Neno "haipo" halikuwahi kutamkwa katika duka lile, nami nilitarajia kuta zijibu. Bibi alitafuna mdomo wake kidogo. "Basi kaa tuandike," alisema. "Baba yako naye alikuwa ananikatia maneno. Alisema ikizidi ukurasa hawasomi. Mara hii nitasema na habari ya mbuzi."

Tukaandika, kwenye kompyuta yako, mfumo ukiwa bado unatembea juu ya flashi. Ilijaza kurasa mbili na mbuzi wakiwemo. Deusi aliondoka kabla hatujamaliza, na mlangoni nikamwomba radhi kwa maneno niliyoyatunga vizuri. Aliyasikiliza yote, akasema, "Umeongea kama barua ya maombi ya kazi." Bado sijui anataka nini, Baba. Amesema atarudi baada ya wiki mbili na kebo ya printa, na sijaacha kujiuliza kwa nini kebo isitumwe kwa gari.

Nilichukua siku kumi kabla ya kuruhusu mfumo ule ukae ndani ya diski. Nilizinakili barua zako zote mahali pawili kwanza, na nikasoma majina ya diski kwa sauti, Mama akithibitisha kutoka kwenye benchi. Padre naye ameleta kompyuta mbili za parokia zilizokuwa chini ya ngazi. Niliziwasha mbele yake, kwa flashi, kabla sijamwambia kwamba zitapona. Alitaka kuniambia ananiamini. Nikamwomba akae atazame tu.

Sasa ahadi yangu. Waliopoteza barua zao za ile miezi mitano ni watu thelathini na wanne. Majina yao nimeyapata kwenye vipande. Nitakwenda nyumba kwa nyumba, nitamwambia kila mmoja kilichotokea kabla ya kumwambia nimekuja kusaidia, na tutaandika upya, hata wenye mbuzi. Nimekwishafika kwa tisa. Sitampa mtu kitu ambacho sijakionja mbele yake.

Jambo moja la mwisho, kisha nikuache upumzike. Katika folda zile zote nilikutafuta. Uliwahifadhi watu wa kata nzima, na wewe mwenyewe huna hata moja. Leo nimefungua yenye jina lako, na barua hii ndiyo ya kwanza kuingia humo. Nimeinakili mahali pawili, moja ikiwa ni flashi ya uzi mwekundu.

Lala salama, Baba. Na siku utakayokuja kuniuliza kama barua yako ya mwaka huu imehifadhiwa, nitakujibu kabla ya kugeukia skrini.

Ipo.

Binti yako,
Leokadia