Alama Tano za Adabu

Queensland, Australia, 3 Juni

Mama mpenzi,

Hamjambo huko? Mimi mzima, ila chumba cha baridi cha nyama hapa kiwandani kinanitia ganzi vidoleni. Habari njema: wakubwa wametuletea dodoso. "Sauti yako ina thamani. Pamoja tutaleta mabadiliko." Wameuliza kama glavu zinatufaa. Sisi Wasamoa sote tumewapa alama tano kwa tano. Mgeni atamsemaje mwenyeji wake? Krismasi nikirudi tutamalizia mkeka wa harusi ya dada.

Mwanao, Lagi

Savai'i, Samoa, 20 Juni

Lagi wangu,

Hatujambo, nguruwe tu ndio wanaugua uroho. Umenichekesha! Mchungaji akituuliza kama tumeshiba, si tunajibu tumeshiba mno? Naye hutazama sahani, akatuongezea magimbi. Hao wakubwa wako wametazama sahani? Vidole vinaendeleaje?

Mama yako

Queensland, 2 Agosti

Mama,

Natumaini mu wazima. Matokeo yametoka: glavu zinaridhisha kwa asilimia mia. Mengine "yamesikika, na safari ya mabadiliko imeanza." Mimi niko salama, usijali.

Mwanao, Lagi

Savai'i, 18 Agosti

Lagi,

Safari gani hiyo, wasafiri wote wamekaa? Lakini hilo tuliache. Mwandiko huu si wako. Nilikufundisha kuandika mwenyewe, hunidanganyi. Nani amekushikia kalamu? Naogopa, mwanangu. Kumficha mama maumivu si adabu. Waonyeshe sahani!

Mama yako

Savai'i, 30 Septemba

Lagi, kimya chako kinaniumiza. Niandikie hata neno moja.

Mama

Queensland, 11 Oktoba

Mama yangu,

Nisamehe. Aliyeandika ni Tavita, wa chumba cha pili. Vidole vyangu vilikataa kalamu. Juzi meneja alituitia mkutano, akagawa dodoso jingine. Nikasimama, nikasema: "Bwana, leo tutajibu hivi." Nikavua glavu, nikaweka mikono mezani. Wenzangu wakafuata, mmoja mmoja. Akatazama, Mama. Alitazama sana, wala hakutaja safari.

Glavu nene zimekuja, na zamu za baridi zimefupishwa. Mimi nimehamishiwa kwenye kufunga maboksi. Daktari anasema ganzi itapungua polepole. Mkeka sijui, labda wewe utasuka, mimi nikupashe umbea.

Herufi zimepinda, najua. Usizicheke. Ni zangu.

Mwanao, Lagi