Bibi, Nilichanganya Usumba na Katani

Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua huitikii, ila mdomo umezoea. Nimekaa kwenye kigoda chako, mtoto amelala mapajani, na vidole vinauma hata kalamu haikai sawa. Utanisamehe mwandiko. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye unga.

Mtoto ni wa kike. Ulimwacha tumboni, ukasema huyu dume kwa mateke yake. Ulikosea. Anaitwa Sharifa, ana miezi mitano, paji la uso ni lako na hasira ni zako. Baba yake yuko Newala kwenye mikorosho, anakuja akipata nafasi. Siku nyingi tuko wawili tu.

Nimechoka, Bibi. Wewe sikufichi.

Tangu uondoke hajaja mtu kununua kamba zetu. Wavuvi wote wamehamia kwenye nailoni. Mama mdogo wa Ufukoni akanitafutia kazi kiwandani, ya kubangua korosho. Watoto hawaruhusiwi mle. Akaniambia, "Mwachishe ziwa, umlete kwangu, wewe uingie kazini. Mambo ya kamba amekwenda nayo bibi yako." Nikaomba anipe mwezi mmoja. Nililia baadaye, nyumbani.

Mwezi niliuomba kwa sababu ya Fundi Hamza, yule mwenye karakana ya vyombo vya baharini hapa Mikindani. Anaunda meli ya matanga, kubwa, ya mizigo, na wenye meli hawataki nailoni hata uzi mmoja. Wanataka kamba za mimea. Akatangaza kwamba mwenye kamba ailete ipimwe, ikishika atapewa kazi.

Basi nikaenda matopeni kufukua makumbi ya nazi, yale uliyoyazika mwenyewe mwaka jana yalainike, ukiwa bado una nguvu. Nilipoondoa mawe ikatoka ile harufu ya yai bovu. Nikakaa pale pale nikalia kama mjinga, kwa sababu ya harufu. Yalikuwa yameiva vizuri. Nikayaponda kwa gongo lako mpaka zikabaki nyuzi tupu za usumba, Sharifa mgongoni, kila nikipiga naye anasema eh, eh.

Halafu nikakosea.

Usumba haukutosha. Kamba yetu ina nyuzi nene tatu, mimi nilipata mbili tu. Nikaenda dukani Chikongola nikanunua katani, nyeupe, inang'aa, nikaitia iwe uzi wa tatu. Nikaona imependeza. Nikajidanganya kwamba ya dukani lazima ina nguvu kuliko ya kwetu. Wewe ulinikataza. "Usichanganye," ulisema. Sababu hukuniambia, na mimi sikuuliza.

Fundi hapimi kamba kavu. Anailaza kwenye maji ya chumvi usiku mzima, asubuhi anaitundika kwenye boriti, anaongeza viroba vya mchanga kimoja kimoja. Anataka vinane, tena vikae mpaka adhana ya adhuhuri. Yangu ilifika kiroba cha nne. Ule uzi mweupe ukalia ta! peke yake. Sijafumba mdomo, na zile mbili zikafuata, mchanga ukamwagika wote.

Wale vijana wa karakana walicheka mpaka wakakaa chini. "Mama Sharifa, hiyo ya kufungia mbuzi! Tena mbuzi awe mgonjwa!"

Fundi hakucheka. Aliokota vile vipande, akanionyesha. "Usumba unavutika," akasema. "Katani haivutiki. Sasa mzigo ulipokuja, wenzake wakajinyoosha, yeye akaubeba wote peke yake mpaka akakatika." Akanipa nafasi moja tu, Jumamosi inayofuata.

Hapa kaa vizuri, Bibi. Nilikwenda kwa Bi Fatu.

Najua. Miaka yote hamkusalimiana kwa sababu ya shimo moja la kuzikia makumbi, kila mmoja akisema mwenzake kamwingilia. Hata maji ya kwake ulinikataza nisinywe. Lakini ni yeye peke yake aliyebaki na usumba ulioiva, na mimi nilikuwa na siku sita. Nilipiga hodi mara tatu. Akatoka, akanitazama juu mpaka chini.

"Mjukuu wa mwizi wa matope. Umenirudishia shimo langu?"

Nikamwambia nimekuja kuomba usumba. Nikamweleza yote, na ya kiwandani, na ya kumwachisha mtoto ziwa. Akaushika mlango, nikadhani ananifungia. Kisha akasema, "Bibi yako mwizi. Lakini kamba alijua. Lete huyo ntoto nimshike, wewe fanya kazi."

Nikawa nasokota uani kwake kila siku. Hakuniacha. "Nkono nzito! Kwani hakukufundisha?" Nikamjibu alinifundisha, mimi ndiye nilisikiliza nusu. Baadaye, bila kunitazama, akasema kusokota yeye alifundishwa na wewe, mkiwa wasichana, mnakula sahani moja. Hukuwahi kuniambia, Bibi. Ningekuuliza mengi.

Jumamosi alikuja na mimi karakana, akageuza beseni akalikalia. Viroba vikapanda, vitano, sita. Kamba ikavutika, ikavutika, mpaka nikaona kiroba cha chini kinakaribia kugusa ardhi. Cha nane kilipowekwa nilifumba macho. Nikamsikia Bi Fatu anawafokea wale vijana, "Mnakodoa nini? Hamjaona kamba ikijinyoosha?" Maji yakawa yanachuruzika tu. Sharifa akanyonya, akalala, akaamka, akanyonya tena. Adhana ikapigwa na viroba bado viko juu.

Fundi akaipapasa kamba yote, akatikisa kichwa kukubali. "Za kufungia meli na za nanga mtatengeneza nyie. Za kupandishia tanga hapana, hizi zinavutika mno. Hizo nitatafuta katani tupu."

Kwa hiyo si meli nzima. Ningependa nikuambie ni meli nzima.

Nikampigia simu mama mdogo, kwamba ile nafasi ampe mwingine. Akasema, "Haya, utaona." Pengine nitaona kweli. Mikono imevimba, mgongo siuhisi, na kamba ya nanga ni ndefu, Bibi, nikifikiria urefu wake nataka kulala. Lakini mwanangu hatapelekwa Ufukoni. Bado ananyonya.

Kesho maji ya bahari yakitoka tunazika makumbi mapya, mimi na Bi Fatu. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi. Nakuahidi sitayafukua kabla ya wakati, hata nibanwe vipi. Na nitauliza sababu ya kila kitu, hata nikitukanwa. Yakiiva, Sharifa atakuwa anatembea. Sitambeba siku hiyo. Atashuka matopeni kwa miguu yake, achafuke mpaka kiunoni, nimwogeshe jioni.

Mungu akupe nafasi pana huko, upumzike kwa niaba yangu pia. Sharifa ameanza kujinyoosha, anaamka. Kwaheri, mke mwenzangu.

Mjukuu wako,
Mwanahawa