Kutu ya Upanga wa Baba Mkwe

Chizuru, nimeharibu. Nimeharibu kabisa, na hakuna wa kutengeneza.

Leo nimeupeleka ule upanga wa baba mkwe kwa Bwana Morikage, mkaguzi wa panga za kale. Unajua ndugu za mzee wamemcheka miaka yote kwamba upanga wake ni wa bandia. Ana miaka tisini na moja, anataka jibu tu.

Morikage akachomoa mpini, akatazama chuma kinachokaa ndani yake. Kisha: "Mama, nani amesugua hapa?"

Nikajibu kwa fahari, mimi! Kwa siki na waya wa masufuria, Jumamosi nzima. Kulikuwa na kutu nyeusi, nikaona aibu kuuleta mchafu.

MCHAFU. Nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe!

Akasema, "Kutu hiyo ndiyo iliyokuwa cheti chake. Upanga huu ulikuwa na miaka mia nne mpaka Jumamosi."

Mpaka Jumamosi, Chizuru!

Nikasema, lakini jina la fundi si lipo? "Lipo. Ila sasa hakuna atakayeamini kwamba halikuchongwa jana."

Nimeegesha gari nje kwa baba mkwe. Amevaa suti. Yuko dirishani, ananipungia mkono.