Yai Lisiloonyesha Mwiba

Kwa Ouma, uliyekuwa mchumba wangu,

Ninakuandikia hadharani, mahali ambapo kila mtumiaji wa programu yetu anaweza kusoma, kwa sababu mara tatu nimekutumia marekebisho ya kasoro moja na mara tatu umeyafunga bila kuyaingiza, mara ya mwisho kwa maneno mawili: "Haina haja." Kasoro hiyo inawaambia watoto wagonjwa kwamba ni wazima.

Ulikuja kliniki ya Ndhiwa na kompyuta mgongoni, ukanikuta na hadubini ya kuazima na slaidi za kinyesi cha wanafunzi wa fukwe za ziwa. Uliziba pua kwa leso, ukaniita Nyar Osiri, binti wa machimboni. "Kwenu mnatafuta dhahabu kwenye matope. Huku umefuata nini?" Nilikujibu kwamba natafuta mayai ya kichocho, na kwamba mtu wa kisiwa cha Rusinga aliyeoga ziwani utoto wake wote hana haki ya kuziba pua. Ulicheka mpaka muuguzi wa chumba cha pili akaja kuuliza kulikoni.

Nilikusogezea kiti. Ulitazama, ukalalamika kwamba unaona takataka tu.

"Tafuta mwiba," nikakuambia. "Yai lina mwiba ubavuni."

Ulipouona, ulinishika mkono ukasahau kuuachia. Kwa miezi mingi nilichora duara kuzunguka kila yai pichani, nawe ukaifundisha programu kutokana na maduara hayo. Tulikubaliana iwe huria, ili kliniki yoyote yenye hadubini na simu yenye kamera iitumie bila kumwomba mtu ruhusa. Nilikupenda kwa uamuzi huo kuliko kwa pete.

Sentensi yangu uliigeuza kuwa sheria: pasipo mwiba, si yai. Sikukupinga. Kosa hilo la kwanza ni langu, na ninalikiri mbele ya wasomaji hawa. Yai likilala vibaya, mwiba hufichika. Aliyezoea hadubini hulitambua kwa umbo na ukubwa. Nilipolitambua kosa hilo na kukueleza, ripoti yako ilikuwa imekwisha kusifiwa na wakubwa wa afya Homa Bay, nawe umepewa ofisi. Ulisema hatuwezi kubadilisha kipimo ambacho watu wameshakiamini. Ukauvunja uchumba, nikarudi kwetu Migori bila pete. Walioniuliza sababu niliwaambia ni umbali.

Mwezi uliopita niliitwa kliniki ya Mbita kufundisha wahudumu kutumia programu hii. Mama mmoja alimleta binti yake, Akinyi, tumbo likiwa limevimba. Dawa zilipogawiwa shuleni alirukwa, kwa kuwa programu ilimwandika salama. Nikaitoa slaidi yake ile ile kabatini na kuitazama kwa jicho langu. Mayai yalikuwepo, machache, miiba imefichika. Alipewa dawa siku hiyo hiyo. Mama yake hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kompyuta yenu ilisema mtoto ni mzima. Sasa niamini wewe ama kompyuta?"

Kwenye mikutano unajivunia kwamba programu ni huria na yeyote anaweza kuiboresha. Lango la kupitisha maboresho umelishika peke yako. Kwa kuniacha ningeweza kukusamehe, Ouma. Kinachonichoma ni kwamba siku ile nilipokueleza habari za mayai yaliyolala, ulinielewa kabisa.

Leseni uliyoichagua inaniruhusu kuinakili programu nzima, kuirekebisha na kuitoa kwa jina jingine. Nimekwisha kuinakili. Jumatatu nitaitoa, pamoja na maelezo ya kosa na ungamo langu, na kila kliniki itachagua. Ningependa jina lako liwemo katika marekebisho hayo. Nisipokuona kabla ya siku hiyo, litabaki kwenye kosa tu.

Nakuaga kwa heshima iliyobaki. Mama Akinyi amekubali kuja kliniki ya Mbita. Utaitazama slaidi ya mwanawe mbele yake, kisha swali lake utalijibu wewe. Ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi.

Aliyekuwa mchumba wako