Nailoni ya Tomi

Mama yako amefanywa nesi mkuu! Binti yangu mimi, wa hapa Kianda! Haya, mjukuu wangu, hujambo? Mimi kukhu wako, nyanya yako, ni mzima.

Umeuliza mbona wayo wa mbwa wako hauponi. Mbwa wangu Tomi alikatwa wayo na mabati kule mtaa wa Gatwekera. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, nikamfunga mfuko wa nailoni matope yasiingie. Jirani akacheka: "Mama, unafunga kidonda ama sukuma wiki? Kinataka hewa!" Nikamjibu nimelea watoto sita. Nilipofungua, kilikuwa kimelainika, kinanuka. Alipona, lakini akabaki akichechemea, hakunikimbilia tena nikitoka kazini. Hadi leo inaniuma.

Wako mfunge kitambaa safi, kikilowa ubadilishe. Akivimba, mpeleke kwa daktari. Jumamosi ya Pasaka nawangoja nyote, na mbwa wako akikimbia.