Nyumba Namba Kumi na Nne

Shamba la Bwana Tinga, Eldoret
Jumamosi, 11 Juni 1949

Ndugu yangu mkubwa Wangila,

Wameniambia nisimame mara mbili, na mara mbili nimekataa. Nimekalia sanduku la darubini ya Daktari hapa mlangoni pa hema, lori inangoja, na hii karatasi nimeiweka juu ya goti nakuandikia. Jackson dresa, msaidizi wa Daktari, anapita na kamba za hema mkononi, ananiangalia kama mtu aliyesikia ng'ombe akisema. Wewe unanijua. Tangu tukiwa wadogo mimi si mtu wa kukataa kitu. Ndiyo maana wanashangaa.

Lakini nisipite bila salamu, usije ukasema shamba la Wazungu limeniharibu. Hujambo wewe na watoto? Mama goti lake linaendeleaje na hii baridi? Mvua huko Kimilili imeshika? Hapa imeshika sana, matope mpaka magotini, mahindi yamenipita kichwa. Mwili wangu uko salama. Mengine utayasoma, na tafadhali usimsomee Mama mpaka wewe mwenyewe ufike mwisho.

Nikwambie kwanza hili sanduku ni la nini. Baada ya Pasaka serikali ilileta Daktari hapa na hema, lori na darubini, atafute homa ya watu wa laini, sisi wa nyumba za wafanyakazi, inatoka wapi. Si kutibu tu, kutafuta. Serikali inalipa, yeye anatafuta, halafu anaandika Nairobi. Siku ya kwanza alitupanga vijana wote mbele ya ghala akasema kwa ile Swahili yake kwamba yeye nataka boi moja hapana piga kelele. Watu wakacheka, wakanisukuma mbele. Wakasema Bwana chukua huyu Khisa, huyu hata akiungua moto anaomba ruhusa kwanza ndiyo alie.

Basi nikawa mkamata mbu. Ni kazi, usicheke. Kila Jumanne na Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajawasha moto, naingia nyumba za watu na bomba la kioo lenye mpira. Naweka kioo juu ya mbu ukutani, navuta mpira kwa mdomo, anaingia ndani. Kuna kitambaa katikati, simmezi. Nahesabu, naandika namba ya nyumba na namba ya mbu. Ile miaka miwili ya shule ya misheni imenitosha kwa hilo. Watoto waliniimbia Nyonya-mbu, Nyonya-mbu, mpaka wakazoea.

Nyumba zenyewe ni tatu tu. Daktari alisema hawezi zote, kwa hiyo moja iwe ya kule juu mlimani, moja ya katikati, na moja ya chini karibu na bwawa. Akaweka vikaratasi ndani ya kofia, Jackson akatoa. Juu ikatoka namba nne. Katikati tisa. Chini, kumi na nne.

Kaka, nimeona mambo hapa. Jackson ni kijana wa hapa jirani, Plateau, aliyesomeshwa na misheni, anajivuna kidogo lakini moyo wake mzuri. Alinipa nichungulie darubini. Damu ya mtoto imepakwa kwenye kioo, na ndani yake nikaona pete ndogo ndogo kama za bibi harusi, nyingi. Nikamuuliza ni nini, akasema ndiyo homa yenyewe hiyo. Sikulala vizuri siku mbili. Sisi tumesema miaka yote ni mahindi mabichi, ni upepo, ni jirani mwenye jicho baya. Bwana Tinga anasema ni uvivu na pombe ya busaa. Kumbe ina sura, na inaonekana, na mtu wa kawaida kama mimi anaweza kuiona akifunga jicho moja. Nilijisikia mkubwa siku hiyo. Nilisema moyoni kama serikali inaweza kununua kitu cha kuonyesha hivyo, basi iendelee kununua.

Sasa huyo Bwana Tinga ndiye mwenye shamba. Tunamwita hivyo kwa sababu alikuwa wa kwanza huku kuleta tingatinga ya kulima. Ule mto mdogo wa chini aliuziba mwaka juzi kwa ajili ya kinu chake cha mahindi, ukawa bwawa, na bwawa likakaa hatua arobaini kutoka nyumba ya mwisho ya laini. Daktari alisema tangu mwanzo kwamba anashuku hilo bwawa. Lakini kushuku si kitu, alisema, lazima namba ziseme. Namba zikisema bwawa, serikali itampa miaka miwili tena, itatoa dawa kwa watoto wote wa laini, na itamlazimisha Bwana Tinga kulifungua. Namba zisiposema, hema linang'olewa. Leo saa tano kuna kamati mjini ya kuamua, na Bwana Tinga ni mmoja wa kamati.

Jana alikuja hapa kwenye hema na mbwa wake wawili. Akaomba karatasi zangu, akapitisha kidole. Nyumba namba nne, mbu watatu, wawili, watano. Namba tisa, saba, sita, tisa. Namba kumi na nne, ile ya bwawani, sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, mara kumi na tano. Akacheka mpaka mbwa wakabweka. Akamwambia Daktari haya, mbu wako hapana penda maji, mbu wako napenda kupanda mlima, peleka pesa ya serikali kwa kazi nyingine. Halafu akauliza nani aliandika hizi. Jackson akanionyesha. Bwana Tinga akanishika bega kwa mkono wote, akasema huyu ndiye kijana mmoja tu wa kweli katika shamba yangu nzima.

Bega lile linaniwasha mpaka sasa.

 Daktari alikaa kwenye kiti cha kukunja akavua miwani. Jioni akamwambia Jackson apakie vitu.

Sasa fika hapa polepole, Wangila. Nyumba namba kumi na nne unaijua. Ulikaa nje yake mwezi wa pili ukinywa chai, wewe na wazee, siku mliyopeleka ng'ombe wa mahari ya Nelima. Ni nyumba ya Mama Nelima. Kofia ya Mzungu iliniteulia nyumba ya mama mkwe wangu.

Ningeingiaje? Niambie wewe. Kwa mila yetu mkwe hawezi hata kukutana naye njiani bila kuingia majanini, halafu niingie alfajiri, amelala, blanketi yake iko pale, nitembeze kioo juu ya kitanda chake? Siku ya kwanza nilifika mlangoni. Nikamsikia akikohoa. Nilikimbia mpaka kwenye zizi, nikatoa kalamu ya risasi, nikaandika sifuri. Jumamosi nikasema nitamwambia Daktari. Nikaona haya. Nikafikiri ataelewa nini yeye, na Jackson atanicheka, na kazi wataipa mtu mwingine. Nikaandika sifuri. Baada ya hapo mkono ulijua njia wenyewe. Hakuna mtu aliyenituma, hakuna aliyenilipa. Ni mimi.

Na haya mengine pia ni mimi. Wiki mbili zimepita tangu tumzike Kituyi, kaka mdogo wa Nelima, yule wa miaka mitano aliyekufungulia lango ile siku na kofia ya baba yake kichwani. Homa ya siku tatu. Zile dawa chache ambazo Daktari alipewa za kujaribu alizigawa nyumba zenye mbu. Tisa ilipata. Nne ilipata. Kumi na nne haikupata, kwa sababu karatasi ilisema haina mbu. Nilisimama mbali na kaburi, watu wakafikiri ni adabu kwa mama mkwe. Niliacha wafikiri.

Jana Bwana Tinga alipoondoka nilimtafuta Nelima kisimani nikamwambia yote. Nilitegemea atanirushia debe. Aliliweka chini. Akaniuliza maneno machache tu, kwamba hizo haya zangu zilikuwa na uzito gani, zaidi ya Kituyi au chini ya Kituyi.  Akabeba maji akaenda.

Leo alfajiri nikiwa pale nyuma ya nyumba yao na kioo changu, sijui nangoja nini, mlango ukafunguka. Mama Nelima akatoka, leso imefunika kichwa chote, akanipa mgongo. Hakusema na mimi, hawezi. Alisema na kuku. Aliwaambia kuku kwa sauti kubwa, nyinyi kuku, mwambieni yule mtu aliyesimama nyuma ya nyumba yangu kama mwizi wa ndizi, mlango uko wazi na mimi naenda mtoni. Mwambieni nimefukia mtoto, kwa hivyo haya zake azipeleke kwa mama mwingine, mimi nimejaa. Mwambieni na pembe ya kushoto ndipo alipokuwa analala. Akaenda zake, na kuku wakabaki wananiangalia.

Niliingia, Wangila. Niliingia nyumba ya mama mkwe, mpaka ndani kabisa, mpaka pembe ya kushoto. Ukuta ulikuwa mweusi kwa mbu, matumbo yao mekundu. Nilikamata thelathini na mmoja, kisha kioo kikajaa. Wengine wengi niliwaacha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, akaniambia rudia. Nikarudia. Alikasirika, akaniuliza hapana ona Kituyi nakufa? Nikasema niliona. Halafu akatulia akasema siku moja haiwezi kushinda siku kumi na tano, kamati itasema kijana amehongwa chai na sukari. Jackson akaniongezea kwa Kiswahili safi kwamba nikifungua mdomo mbele ya Bwana Tinga, jioni kipande changu cha kazi kitakuwa kimeandikwa maneno ya kunifanya nisiajiriwe tena na shamba lolote kutoka hapa mpaka Turbo.

Ndipo nilipokaa juu ya sanduku. Nikasema sitatoka mpaka nipelekwe na mimi kwenye kamati. Nilisema zile sifuri hazina baba mwingine, mimi ndiye niliyezizaa, basi niulizwe mimi. Serikali imeweka pesa yake ili ijue ukweli, na ikiondoa pesa, isiondoe kwa ajili ya uongo wangu. Na kama wataandika kipande changu, waandike. Nina mikono.

Wazee huko nyumbani watadai kondoo wa kunisafisha. Wape, nitamlipa. Wakisema ng'ombe warudi, waseme mbele ya Mama Nelima, wasikie kuku wataambiwa nini. Nitasimama na kusafishwa kama mtoto mwenye adabu. Lakini mtu asinidai niseme najuta kuingia. Najuta mara kumi na tano nilizokaa nje. Ile moja ya leo sijuti, na sitajuta hata mkinitenga.

Daktari amekuja tena sasa hivi. Mara ya tatu. Ameniambia simama, nikasema hapana Bwana. Akasema simama, mjinga wewe, darubini nakwenda mjini na wewe naibeba, kamati yote itachungulia mbu hii kwa macho yao. Kisha akaniuliza jina la baba yangu, akaliandika kwenye karatasi pale palipokuwa pameandikwa boi tu.

Kwa hiyo lazima niondoke. Ni mwendo wa saa moja kwa haya matope, Bwana Tinga ametangulia kwa gari yake, na mbu wanne wameshakufa ndani ya kioo. Nataka waliobaki wafike wazima, sauti yangu ikipotea niwainue juu. Barua nampa Nelima, atampa dereva wa lori za mahindi za Kitale. Msalimie Mama, umguse goti lake kwa niaba yangu, na watoto uwaambie wafunge dirisha jua likishuka.

Ni mimi mdogo wako, ninayesimama sasa,

Khisa